Simu Isiyopigwa

Mwezi wa tatu tangu mpango wetu wa msaada kwa wafanyakazi uanze, nilipokea taarifa ya mtoa huduma yenye ukurasa mmoja, na katika safu ya watu waliohudumiwa kulikuwa na tarakimu moja tu: 2. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 600 wakati ule. Mimi, nikiwa afisa rasilimali watu, ndiye niliyekabidhiwa mpango huo. Niliandika waraka wa kuutangaza, nikabandika mabango yake karakana, ghalani na katika vyumba vya kubadilishia nguo, kisha nikazunguka zamu zote tatu nikieleza kwamba mwajiri amelipia wanasihi, na kwamba yeyote mwenye shida ya ndoa, madeni, ulevi, msiba au kukosa usingizi anaweza kuzungumza nao bila kutoa fedha zake. Niliamini kwamba watu wangejitokeza kwa wingi, kwa sababu nilikuwa nimeketi katika ofisi ile kwa miaka mitano na nilijua ni shida kiasi gani zilizokuwa zikipita mbele ya meza yangu zikiwa zimevaa sura ya maombi ya mkopo, ruhusa za dharura na vyeti vya daktari vya siku mbili mbili.

Ilinichukua muda kutambua kwamba kosa lilikuwa langu. Utaratibu nilioubuni ulimtaka mfanyakazi apite kwanza ofisini kwangu, ajaze fomu fupi, apewe namba ya rufaa, kisha ndipo apige simu kwa wanasihi. Niliuona kuwa utaratibu safi, kwani ungezuia matumizi mabaya na ungetuwezesha kueleza kila shilingi imekwenda wapi. Sikuona kwamba nilikuwa nimeuweka mlango wa msaada ndani ya chumba kile kile kilichoandika barua za onyo, kilichohesabu siku za utoro na kilichoamua mkataba wa nani uendelee na wa nani uishe. Mama mmoja wa kitengo cha ufungashaji, ambaye umri wake ulimpa haki ya kuniambia alichotaka, ndiye aliyenifumbua macho. Nilipomuuliza kwa nini watu hawaji, alinitazama kama anayemwonea huruma mtoto, akasema, "Mwanangu, mtu akitoka ofisini kwako, watu huangalia mkononi ana karatasi gani."

Bango langu la kwanza lilikuwa na methali isemayo kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliichagua mwenyewe, na nilijivunia. Siku hizi siwezi kuitumia tena katika kazi hii, ingawa naiheshimu, kwa sababu inamhukumu anayeficha bila kuuliza anamficha nani na anaogopa nini. Mtu mwenye watoto wanne na mkataba wa mwaka mmoja anapoficha kwamba hajalala vizuri kwa miezi miwili, anafanya hesabu, na mara nyingi hesabu yake ni sahihi. Aliyepaswa kubadilika alikuwa yule aliyeifanya siri iwe njia salama kuliko zote.

Tuliondoa fomu na namba ya rufaa. Mfanyakazi alipiga simu moja kwa moja, usiku au mchana, akataja jina la kampuni peke yake ili huduma ithibitishwe, na mume, mke au watoto waliomo nyumbani mwake wakapata haki hiyo hiyo. Katika miezi mitatu iliyofuata idadi ilipanda kutoka 2 hadi 17. Sikufurahi kama nilivyotarajia, maana tayari kulikuwa na mtu mmoja ambaye mabadiliko hayo yalikuwa yamemkuta amekwisha kuondoka.

Alikuwa fundi wa mitambo ambaye mashine mbili kubwa za kiwanda zilimtegemea. Alianza kukosekana siku za Jumatatu. Jumatatu ya kwanza alituma taarifa kwamba anaumwa, ya pili hakutuma chochote, na ya nne alifika saa nne asubuhi macho yakiwa mekundu na mikono ikitetemeka kidogo. Msimamizi wake aliniletea daftari la mahudhurio akiwa na jibu tayari: "Huyu anakunywa." Nami nilikuwa nimetoka kuhudhuria semina ya siku moja ambamo tulifundishwa kwamba kukosekana Jumatatu, macho mekundu na mtetemo wa mikono ni dalili za ulevi, kwa hiyo nilikubaliana naye pale pale. Tulimwita, tukakaa naye watatu. Nilimuuliza kwa sauti ya upole, nikidhani upole ule ndio utaalamu wenyewe, kama ana tatizo la pombe na kama angependa tumsaidie. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada, mimi sinywi," akaomba ruhusa arudi kwenye mashine. Wiki tatu baadaye aliacha kazi kwa barua ya mistari miwili.

Mwaka uliofuata nilikutana naye kwa bahati, na ni yeye aliyenisalimu kwanza. Alinieleza kwamba mama yake alikuwa akitibiwa saratani, kwamba siku ya kliniki ilikuwa Jumatatu, na kwamba usiku wa Jumapili alikesha naye kwa sababu hofu ya matibabu ilimzuia mgonjwa kulala. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Nilipojaribu kuomba radhi alinikatiza bila hasira, akasema maneno ambayo nimeyarudia mbele ya kila kundi la wasimamizi niliowafundisha tangu wakati huo: "Mngeniuliza habari ya Jumatatu, ningewaambia. Mliniuliza habari ya pombe."

Baada ya siku ile niliamua kujua mipango hii ilitoka wapi, kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini jambo la kwanza tulilofundishwa lilikuwa kumnusa mtu pombe. Asili yake ni pombe kwa kweli. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili waliokuwa wakijaribu kuacha walianzisha ushirika wa Alcoholics Anonymous, na katika miaka ya 1940 kampuni kubwa kama DuPont na Eastman Kodak zikaanza kuwa na mipango ya kuwasaidia wafanyakazi waliozama katika ulevi, kwa kuwa fundi mzoefu ni hasara kubwa kumpoteza. Wasimamizi wa enzi hizo walifundishwa kutambua dalili. Tarehe 31 Desemba 1970 Marekani ikapata sheria ya kupambana na ulevi iliyosukumwa na seneta Harold Hughes, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mlevi na hakulificha jambo hilo, na sheria hiyo ikafungua njia ya mipango kuenea. Lakini katika muongo huo huo watu wa kazi hii waligundua kile nilichokigundua mimi kwa kumpoteza fundi, kwamba msimamizi si tabibu, na kwamba kumpa orodha ya dalili ni kumpa ruhusa ya kudhani. Mipango ikapanuliwa iguse shida yoyote, na msimamizi akaambiwa ashike kitu kimoja anachokijua kweli, yaani kazi. Chama cha wataalamu wa fani hiyo, kilichoanza mwaka 1971 kikiwa na neno la ulevi katika jina lake, kililiondoa neno hilo mwaka 1989.

Kuna jaribio jingine la zamani ambalo lilinigusa zaidi. Mwaka 1936, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, waliwekwa washauri waliozunguka miongoni mwa wafanyakazi na kuwasikiliza tu. Hawakuwa na mamlaka juu ya mtu, na hawakupaswa kupeleka kwa wakubwa yale waliyoambiwa. Mpango ule uliendelea hadi mwaka 1956. Nilipousoma nilihuzunika kwamba miaka mingi baadaye mimi nilikuwa nimeanza na fomu.

Mafunzo ya wasimamizi niliyaandika upya. Nilifuta ukurasa wote wa dalili, na mahali pake nikaweka mazoezi ya kusema maneno machache kwa usahihi. Msimamizi anaanza na kilichomo katika daftari: katika wiki nne zilizopita umekosekana Jumatatu tatu, na tarehe fulani mashine ilisimama kwa saa sita kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuitengeneza. Anasema kazi inatakiwa iweje. Kisha anasema kwamba kama kuna jambo linalomzuia, liwe la kazini au la nje, ipo namba ya simu ambayo anaweza kuipiga, na kwamba si lazima amweleze yeye msimamizi jambo lenyewe. Baada ya hapo ananyamaza. Sehemu hii ya kunyamaza ndiyo iliyowashinda wengi katika mazoezi. Mtu mzima mwenye sauti ya kuendesha zamu ya watu 40 alishindwa kukaa kimya kwa sekunde kumi, akaanza kumkisia mwenzake shida, na kila tulipolizungumza alikiri kwamba ukimya ulimtia aibu. Nilikuwa mvumilivu nao kwa sababu nilijua ningeshindwa vile vile.

Kulikuwa na swali ambalo liliulizwa katika kila mafunzo, nalo ni je, mtu akikataa kwenda kwa mnasihi? Jibu ni kwamba kukataa si kosa na hakuandikwi popote. Kinachoendelea kupimwa ni kazi yake. Upande wa pili wa jibu hilo ni mgumu zaidi, na ulinigharimu usingizi: kukubali kwenda pia hakumfutii mtu makosa yake ya kazi. Dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo alikuwa akihudhuria vikao vya unasihi kwa uaminifu kuhusu uraibu wake, akaja zamu akiwa amelewa, akagonga rafu ghalani. Hakuna aliyeumia. Wasimamizi wawili walinisihi tumwache kwa kuwa anajitahidi, na moyo wangu ulikuwa upande wao, lakini adhabu ilitolewa kulingana na kanuni zile zile ambazo zingemhusu mtu mwingine yeyote. Alisimamishwa, akaondolewa kwenye mashine, na akaendelea na matibabu. Kama tungemwacha kwa sababu anakwenda kwa mnasihi, tungekuwa tumetumia siri ya mnasihi kuamua jambo la ofisi, na mara ya kufuata tungeitumia hiyo hiyo dhidi ya mtu.

Niliendelea kuamini kwamba usiri ni ahadi, mpaka ankara ya kwanza ya mwaka wa pili ilipofika. Mtoa huduma alikuwa akitoza kwa kikao, na ili kuthibitisha vikao, mhasibu wake aliambatanisha jedwali lenye herufi za mwanzo za majina, idara na tarehe. Karatasi ile ilipita mikononi mwa karani wa mapokezi, mhasibu wetu, msaidizi wake na mimi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata hivyo, katika idara yenye mafundi umeme watano, herufi mbili zilitosha. Nilifungia karatasi ile kabatini, nikampigia mtoa huduma, na baada ya mwezi mzima wa barua tulibadilisha mkataba ili kampuni ilipe kiasi kisichobadilika kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, awe ametumia huduma au hajatumia. Ankara ikawa mstari mmoja. Wapo walionilaumu kwamba tunalipia watu wasiotumia, na niliwajibu kwamba sehemu ya fedha hiyo inanunua kutokujua kwetu, na kwamba kutokujua huko ndiko kunakomfanya mtu apige simu.

Taarifa za takwimu nazo zilihitaji jicho. Idara ya maabara ilikuwa na watu wanne, na taarifa ya robo mwaka ilipoandika kwamba katika maabara amehudumiwa mtu mmoja mwenye mgogoro wa ndoa, ilikuwa sawa na kumtaja jina. Tukakubaliana kwamba idara ndogo ziunganishwe, na kwamba kundi lolote lenye waliohudumiwa chini ya watano lisitajwe aina ya shida zao. Nayataja mambo haya ya karatasi kwa urefu kwa makusudi. Nimesikia hotuba nyingi nzuri kuhusu kujali watu, na nimeona siri nyingi zikivuja kupitia jedwali ambalo hakuna aliyelifikiria.

Jaribio kubwa zaidi lilitoka juu. Kulikuwa na upotevu wa bidhaa ghalani, uchunguzi ukakwama, na mkurugenzi mmoja akaniita akataka nimpatie majina ya wafanyakazi wa ghala waliopata unasihi wa madeni, akisema kwamba mwenye madeni ndiye mwenye sababu ya kuiba. Nilimjibu kwamba sina majina hayo. Akaniambia niyaombe. Nikamwambia kwamba mtoa huduma hatayatoa, na kwamba hata kama angeyatoa mimi nisingeyapokea, kwa sababu siku ambayo jina moja litatoka, namba ile ya simu itakuwa imekufa na hakuna bango litakaloifufua. Alikasirika, na kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu asiyeitwa katika vikao fulani. Nilichokuwa nacho mkononi ni kwamba yote yalikuwa yameandikwa katika mkataba kabla ya siku ile. Mipaka ya usiri ilikuwa imetajwa mapema na kila mteja alielezwa kabla ya kikao cha kwanza: maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhuriwa, au mahakama ikiamuru. Upotevu wa katoni haukuwemo. Kama ningekuwa na ahadi ya mdomo tu, sina hakika kwamba ningesimama.

Madeni yenyewe yalinifundisha jambo jingine. Kwa muda mrefu, ukiondoa migogoro ya ndani ya kazi, fedha ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza watu waliyotaja walipopiga simu, na mwanzoni nilidhani kwamba wanachohitaji ni mtaalamu wa bajeti. Mnasihi mkuu alinieleza, bila kumtaja mtu, kwamba fedha ni neno ambalo mtu anaweza kulitamka mbele ya mgeni bila kuona haya, na kwamba mara nyingi kikao cha pili au cha tatu ndicho kinachofichua kilicho nyuma yake: kamari, mtoto mgonjwa, kipigo nyumbani, msiba ambao haukuwahi kuliliwa. Ndiyo sababu nilipinga pendekezo la kupunguza vikao kutoka 6 hadi 3 kwa kila shida. Vikao 6 vyenyewe ni vichache. Mtu mwenye sonona kali hahitaji vikao 6, anahitaji matibabu ya muda mrefu, na mpango wa namna hii ni wa kumpokea, kumtuliza, kumpima hali yake na kumvusha hadi mahali pa tiba. Uvushaji huo ndipo watu wengi wanapoanguka, na tulijifunza kumtaka mnasihi asifunge jalada mpaka awe na uhakika kwamba mtu amefika upande wa pili.

Siku mtu alipofariki kazini kwa ajali ya mashine katika zamu ya usiku, nilidhani najua la kufanya. Nilipanga kuwakusanya wote waliokuwapo, kila mmoja aeleze alichokiona na alivyojisikia, ili wasibaki nacho moyoni. Nilikuwa nimekwisha kuandaa ukumbi. Mnasihi aliponijia asubuhi aliniomba niache. Alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani halishauri kumsimulisha mtu kwa lazima tukio la kutisha alilotoka kupitia, kwa kuwa hakumkingi na madhara ya baadaye, na akanionyesha mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na shirika hilo na wenzake mwaka 2011, ambao msingi wake ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kwa hiyo hatukumkusanya mtu. Wanasihi wawili walikaa katika chumba cha mapumziko kwa siku tatu, wakihakikisha kwanza kwamba kila mtu ana namna ya kufika nyumbani, amewasiliana na familia yake na ana mtu wa kuwa naye usiku. Aliyetaka kuzungumza alizungumza. Kijana mmoja aliyekuwa karibu kabisa na mashine ile alikaa chumbani mle saa mbili bila kusema neno, mnasihi kando yake, kisha akashukuru na kuondoka. Mimi, niliyekuwa nimeandaa ukumbi, niliona kwamba ule ulikuwa msaada.

Miezi minane baada ya msiba ule niliacha kulala. Niliamka saa tisa usiku kila siku, nikipitia orodha ya ukaguzi wa usalama ambayo mimi sikuwa hata mhusika wake, nikijiuliza ni sahihi gani ingeweza kumwokoa marehemu. Niliijua namba ya wanasihi kwa moyo. Nilijua mkataba, nilijua ankara ina mstari mmoja, nilijua taarifa haitaji idara ndogo, kwa sababu yote hayo niliyaandika mimi. Nilipiga simu, nikaikata kabla haijapokelewa. Kesho yake nikaikata tena. Mara ya tatu ilipokelewa upesi kuliko nilivyotarajia, na sauti ya mwanamke ikaniuliza kama niko mahali salama pa kuzungumzia, nikaanza kulia kabla sijajibu. Nilihudhuria vikao vitano. Tangu hapo, ninaposikia mtu akisema kwamba wafanyakazi hawatumii huduma kwa sababu hawana habari nayo, nakumbuka simu zangu mbili zilizokatwa na mtu aliyekuwa na habari kuliko wote.

Yapo mambo ambayo unasihi hauyatibu, na afisa anayeupenda mpango wake anaweza kuchelewa kuyaona. Taarifa za mwaka wa nne zilionyesha kwamba kitengo cha ufungashaji kilikuwa kikiongoza kwa malalamiko ya usingizi, hasira na ugomvi nyumbani, robo baada ya robo. Tulikuwa karibu kuwaandalia semina ya kudhibiti msongo wa mawazo. Yule mama wa ufungashaji alinisimamisha tena ukumbini, akaniuliza kama nimewahi kuitazama ratiba yao. Zamu zao zilikuwa zikizunguka kinyumenyume, kutoka usiku kwenda mchana kwenda asubuhi, na kila mzunguko ulikuwa siku tatu tu, hivi kwamba mara nyingine mtu alitoka kazini na kutakiwa kurudi baada ya saa nane. Hakuna mnasihi awezaye kumfundisha mtu kulala ndani ya saa nane zenye safari mbili, chakula na watoto. Ratiba ilibadilishwa baada ya mabishano makali na idara ya uzalishaji, na malalamiko yalipungua katika robo mbili zilizofuata bila semina yoyote. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu afya ya akili kazini, pamoja na makadirio kwamba dunia inapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sonona na wasiwasi, nilifarijika kuona kwamba mwongozo huo unasisitiza kubadilisha mazingira ya kazi yenyewe na hauishii katika kumtibu mtu mmoja mmoja.

Jambo lililochukua miaka mingi kuliko yote lilikuwa la watu ambao kila siku tulipishana nao mlangoni. Walinzi, wafanya usafi na wapakiaji waliajiriwa kupitia wakala, kwa hiyo hawakuwamo katika idadi tuliyoilipia. Mfanya usafi aliyefuta vumbi katika chumba cha unasihi hakuwa na haki ya kuketi katika kiti alichokifuta. Usiku ule wa ajali, mlinzi ndiye aliyefika wa kwanza kwa marehemu, na wanasihi walipokuja hapakuwa na kifungu cha kumhudumia. Walimhudumia kwa hiari yao, na sitawasahau kwa hilo. Niliandika barua ya kwanza wiki iliyofuata. Jibu lilikuwa kwamba gharama itaongezeka na kwamba hilo ni jukumu la wakala. Wakala alijibu kwamba mazingira ya kazi ni jukumu la kiwanda. Niliandika barua nyingine kila nilipoanza maandalizi ya bajeti, na katika ile ya nne niliambatanisha hesabu ya watu 74 na tofauti ndogo ambayo wangeleta katika mkataba wa kiasi kisichobadilika.

Ilikubaliwa katika mwezi wangu wa mwisho kazini. Waraka ulikuwa bado haujachapwa, na nilijua kwamba unaweza kukaa kwenye trei ya mtu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiku mmoja kabla ya kukabidhi ofisi nilikwenda getini wakati wa kupokezana zamu, nikawaeleza walinzi sita waliokuwapo. Nilitaja namba mara mbili. Mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa amelinda geti lile kabla sijaajiriwa, alisubiri wenzake wasogee kwenye daftari la kusaini, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na nyinyi ofisini, dada, hamtajua?" Nilimwambia hatutajua. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Basi nikamweleza ankara ilivyo, taarifa ilivyo, na kwamba atakapopiga simu atataja jina la kampuni tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa kalamu mfukoni, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari lake dogo, akaniomba niitaje namba kwa mara ya tatu, polepole.